Kiambishi cha Nafsi Kinapobadilika: Jamii, Familia na Afya ya Akili ya Vijana katika Fasihi Teule

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, hakuna swali la maudhui linalopendwa na kuborongwa kwa wakati mmoja kama lile la malezi. Mwaka baada ya mwaka watahiniwa hujaza kurasa nne kusimulia yaliyompata mhusika fulani, kisha hufunga kwa kusema kwamba wazazi wawajibike. Husoma simulizi kama orodha ya misiba. Ni mara chache utakutana na jibu linaloeleza namna msiba huo ulivyoingia ndani ya kichwa cha kijana, ukamfanya afikiri alivyofikiri na kutenda alivyotenda. Katika makala haya ninakusudia kuangazia uhusiano huo, baina ya mazingira ya kijamii na kifamilia kwa upande mmoja na afya ya akili ya kijana kwa upande wa pili. Nitatumia zaidi riwaya ya Chozi la Heri yake Assumpta K. Matei, na nitapitia kazi nyingine chache tulizowahi au tunazoendelea kufundisha. Kabla ya hayo, hata hivyo, ninalo deni la kulipa.

Mwaka wa 2019 nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu katika shule moja ya kutwa. Nilitoa swali la jaribio: eleza jinsi ambavyo Pete ni zao la mazingira yake. Miongoni mwa daftari nilizosahihisha usiku huo ilikuwamo ya msichana mmoja mkimya, wa kuketi dawati la tatu upande wa dirishani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri. Alieleza jinsi Pete alivyokanwa na babake na kulelewa na nyanyake, akaeleza jinsi alivyoozwa kwa Fungo, mwanamume mzee. Kisha katikati ya ukurasa wa pili viambishi vikaanza kubadilika. Pale palipopaswa kuwa na "a-" palikuwa na "ni-". "Alikuwa hapendi kurudi nyumbani" ikageuka "nilikuwa sipendi kurudi nyumbani". "Waliambiana kwamba anakula bure" ikageuka "wanaambiana kwamba ninakula bure". Hapakuwa na aya mpya wala alama za mnukuo. Nikachukua kalamu yangu nyekundu nikavizungushia duara viambishi saba, nikaandika pembeni: makosa ya sarufi, zingatia nafsi. Chini ya jibu nikaandika: umepotoka, rejelea matini. Nikampa alama sita kati ya ishirini.

Muhula uliofuata hakurudi. Ulipita mwezi ndipo nyanyake alipokuja kuchukua barua ya uhamisho. Nikafahamu kwamba mamake alikuwa amekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia, na kwamba msichana alikuwa ameachwa kwa mjomba aliyekuwa na watoto watatu wadogo. Kabla na baada ya masomo kazi ya kuwatunza watoto hao ilikuwa yake. Wakati wa likizo alilazwa hospitalini juma zima kwa jambo ambalo ajuza yule hakulitaja kwa jina, wala mimi sikumuuliza. Alipona. Alisomea kwingine, akaufanya mtihani wake. Lakini kila ninaposhika kalamu nyekundu ninaviona vile viambishi saba. Mimi niliyesomea ualimu miaka minne, nikafundishwa saikolojia ya vijana na nikaifanyia mtihani, nilikuwa nimesoma kilio cha mtoto nikakiona ni kosa la upatanisho wa kisarufi.

Basi tuanze kwa kuelewana juu ya istilahi. Watahiniwa wengi wakisikia afya ya akili hufikiria mtu anayeokota karatasi njiani. Hilo ni kosa la maana na hugharimu alama. Afya ya akili ni hali ya mtu kuweza kukabiliana na mikazo ya kawaida ya maisha, kujifunza, kufanya kazi na kuhusiana na wenzake. Inaweza kuwa nzuri, ikazorota, ikatengenea, kama vile afya ya mwili. Msongo wa mawazo ni mzigo unaomlemea mtu. Wasiwasi ni hofu isiyotaka kuondoka hata panapokuwa hapana hatari. Sonona ni huzuni nzito inayodumu kwa majuma na kumwondolea mtu hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, usingizi wake ukavurugika na hamu ya chakula ikapotea. Kiwewe ni jeraha la moyoni linaloachwa na tukio la kutisha, ambalo hurudi akilini bila kuitwa. Wazimu ni neno la mtaani, na mtahiniwa akiandika kwamba Pete alikuwa na wazimu, hajasoma riwaya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Chukua rejista yako uhesabu. Darasa la wanafunzi 49, ambalo si kubwa kwa viwango vyetu vya sasa, kwa makadirio hayo lina saba. Ninasema kwa makadirio, kwa kuwa wanafunzi hawajagawanywa darasani kwa mizani. Lakini jiulize, mwalimu, unawajua wangapi kati ya hao saba? Na wale unaowajua, umewaandika kwa jina gani? Katika chumba cha walimu mtoto wa aina hii huwa na majina mengi: mkaidi, mvivu, mwenye kiburi, anayejifanya mgonjwa siku ya majaribio, anayesinzia. Nyumbani huambiwa amerogwa au ana mapepo. Jamii yetu ina msamiati mpana wa kulaumu na msamiati mwembamba wa kuugua moyoni. Huko ndiko fasihi inakoweza kutusaidia.

Mnyororo kutoka jamii hadi kitandani mwa mtoto

Hebu tutazame kwanza jinsi jamii inavyoingia nyumbani. Wanafunzi hutenganisha mazingira ya kijamii na ya kifamilia kana kwamba ni vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Kazi nzuri ya fasihi hubomoa ukuta huo. Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha yake Timothy Arege, Sara anakaa katika ndoa kwa miaka bila mtoto, na hata anapojaliwa, anajaliwa mabinti. Wanajamii hawanyamazi. Wanamsimanga yeye, na wanamsimanga Yona kwa kukosa mrithi wa kiume. Yona anazamia katika ulevi na kumgeukia mkewe kwa kipigo. Angalia mnyororo huo: mila inayomtukuza mtoto wa kiume inazaa masimango, masimango yanazaa pombe, pombe inazaa vita, na vita hivyo vinapiganwa mbele ya watoto ambao ndio sababu ya masimango. Neema na nduguze wamekua wakijua kwamba kuzaliwa kwao kulihesabiwa kuwa upungufu. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba Yona ni mlevi amepata hoja moja. Anayeufuata mnyororo tangu kijijini hadi chumbani ameonyesha kwamba ameelewa.

Riwaya ya Utengano yake Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa 1980, niliisoma nikiwa mtahiniwa. Wakati huo tulifundishwa kwamba Maimuna ni msichana aliyepotoka. Tuliorodhesha upotovu wake kwa furaha kubwa, nami nikapata alama nzuri. Leo ninaisoma tofauti. Maimuna anafungiwa ndani na Maksuudi, baba anayeheshimika hadharani na kuogofya nyumbani. Anamwona mamake, Tamima, akipigwa na kutalikiwa. Hana shule ya kumpumzisha, hana rika la kumsikiliza. Hajui ulimwengu, kwa hiyo hana namna ya kupima nia ya mtu anayemfungulia mlango. Wanaomfungulia ni watu wenye kisasi na babake. Kijana aliyenyimwa hewa hafikirii mara mbili dirisha linapofunguliwa. Ukisoma hivyo, kukimbia kwake kunakuwa dalili, na ugonjwa wenyewe uko katika ile nyumba. Naomba nisieleweke vibaya: simwondolei Maimuna dhamana ya maamuzi yake. Ninachosema ni kwamba swali la "kwa nini" lina alama nyingi kuliko swali la "nini".

Nikirejea Chozi la Heri, riwaya iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa na ambayo walimu wengi bado wanaitumia kwa mazoezi, mnyororo huo ni mrefu zaidi kwa kuwa unaanzia katika siasa. Vurugu zinazofuata uchaguzi katika riwaya hii zinamkumbusha Mkenya yeyote yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwanaheri na Lime, binti za Kaizari, wanatendewa unyama nyumbani mwao. Baadaye Subira, mama yao, anakataliwa na jamaa za mumewe kwa sababu ya asili yake, naye anaondoka. Kwa hiyo Mwanaheri anabeba majeraha mawili kwa pamoja: lile lililoletwa na wageni waliovunja mlango na lile lililoletwa na wenyeji waliokuwa ndani. Lunga, babake Umulkheri, anapoteza kazi kwa kusema ukweli kuhusu mahindi yasiyofaa kwa raia. Kutoka hapo familia inateremka ngazi baada ya ngazi: mali inapungua, makao yanapotea, Naomi anaondoka, Lunga anafariki. Umu anabaki na wadogo wake wawili, Dick na Mwaliko, na kijakazi aitwaye Sauna. Siku moja anarudi kutoka shuleni na kuwakuta hawapo.

Ningependa ukae hapo kidogo, mtahiniwa. Umu si mtoto aliyefiwa tu. Ni mtoto aliyekuwa mlezi. Watoto wa aina hii wamejaa madarasani. Wanafika wamechelewa kwa sababu waliwaandaa wengine kwanza. Hawaitikii wanapoitwa majina kwa sababu akili iko kwa mdogo mwenye homa. Wanapowapoteza wadogo hao, wanajiona wameshindwa kazi ambayo hawakupaswa kupewa. Hisia inayowatafuna ni hatia, na hatia ni tofauti na huzuni. Mwenye huzuni hulia akatulizwa. Mwenye hatia hujiona hastahili kutulizwa. Ukiweza kuitenganisha hatia na huzuni katika jibu lako, mtahini atajua kwamba anasoma kazi ya mtu anayefikiri.

Kuhusu Pete nitasema machache, ingawa kisa chake ndicho kizito kuliko vyote. Anajaribu kujiua. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba alifanya hivyo kwa sababu ya umaskini, au kwa sababu ya ndoa ya mapema. Sababu moja haitoshi. Kukataliwa na baba tangu kuzaliwa, kukatiziwa masomo, kuozwa kwa mtu asiyemtaka, kuzaa mfululizo akiwa bado mtoto, kukosa mtu wa kumrudia: hayo yote yalirundikana. Wataalamu wa afya ya akili wanatwambia kwamba mtu hafikishwi pale na jambo moja, na ndivyo riwaya inavyoonyesha. Jambo jingine. Hadi hivi majuzi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo riwaya ilipotoka, msichana kama Pete kitandani hospitalini alikuwa, machoni pa sheria, mgonjwa na mshukiwa kwa pamoja. Hilo ni jambo la kumweleza mwanafunzi anapojadili mazingira ya kijamii, maana sheria nayo ni mazingira.

Na wavulana je? Tunapofundisha maudhui haya darasa hugeuka kuwa la wasichana. Dick anaibwa, anauzwa, anaingizwa katika biashara ya dawa za kulevya akiwa mtoto, na bado majibu mengi humtaja katika sentensi moja. Mvulana aliyejeruhiwa moyoni mara nyingi haonekani mwenye huzuni. Huonekana mkali. Hupigana uwanjani, huvunja kiti, hujiunga na kundi linalovuta bangi nyuma ya choo, na tunamwita katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu badala ya ofisi ya mshauri nasaha. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, lakini sote tunajua kwamba wavulana ndio walioendelea kuionja kwa siri. Ukimfundisha Dick kama mtoto aliyeishi kwa hofu miaka mingi, kuna mtu katika safu ya nyuma atakayeinua kichwa.

Sauna na Umu: kwa nini mmoja huvunjika na mwingine huungika?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya, na ndipo ninapotofautiana na miongozo mingi inayouzwa madukani. Miongozo hiyo humwainisha Sauna chini ya "wahusika waovu" na Umu chini ya "wahusika wema", ikamaliza. Lakini riwaya imewafinyanga kwa udongo unaokaribiana. Sauna alinajisiwa na babake wa kambo, Maya. Akapata mimba. Mamake, badala ya kumtetea, aliificha aibu, mimba ikaavywa. Yaani mtu ambaye mtoto angemkimbilia ndiye aliyeufunga mlango. Umu naye aliachwa na mamake. Wote wawili ni mabinti waliosalitiwa na mama. Mmoja akawa mwizi wa watoto, mwingine akawa mhandisi wa maisha yake. Tofauti imetoka wapi?

Jibu rahisi ni kwamba Umu alikuwa na tabia njema. Sikubaliani nalo. Hesabu watu. Tangu Umu anapobaki peke yake hadi anapotulia, kuna Hazina, mvulana wa mtaani aliyewahi kutendewa wema na Umu, anayemwonyesha mahali pa kulala. Kuna Mwalimu Dhahabu. Kuna wenzake katika Shule ya Tangamano: Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema. Kuna Mwangeka na Apondi wanaompa nyumba. Sasa hesabu watu waliomsimamia Sauna baada ya Maya. Utatafuta sana. Riwaya haisemi wazi kwamba hiyo ndiyo sababu, na vyema haisemi, lakini msuko umeweka watoto hao wawili bega kwa bega katika nyumba moja ili tulinganishe. Simsafishi Sauna. Watoto aliowaiba walikuwa watoto wa watu. Lakini mtahiniwa akiandika kwamba Sauna ni mwathiriwa aliyegeuka mtesi kwa kukosa mtu mzima wa kumwamini, akathibitisha kwa kisa cha Maya na kimya cha mama, ameandika uhakiki.

Mfano wa pili unatoka mwanzoni mwa riwaya, na hushangaza jinsi unavyorukwa. Ridhaa akiwa mtoto anafika shule mpya katika eneo ambako familia yake inaonekana kuwa ya wahamiaji. Wenzake wanamtenga, wanamsingizia wizi, naye anamwambia mamake kwamba hatarudi shuleni kamwe. Hilo si jambo dogo. Kukataa shule ni mojawapo ya dalili za mwanzo kabisa za mtoto aliyelemewa. Mamake hakumchapa. Alimsikiliza, akaenda kuzungumza na mwalimu, na mwalimu akazungumza na darasa juu ya kuishi pamoja. Mtoto akarudi, akasoma, akawa daktari. Watu wawili, mzazi na mwalimu, walibadilisha mazingira badala ya kumlaumu mtoto kwa kushindwa kuyavumilia. Ukitaka hoja ya kuonyesha kwamba shule inaweza kuwa dawa, umeipata, na iko katika sura ya kwanza.

Nina malalamiko yangu kuhusu riwaya hii pia. Matatizo ya vijana wake hutatuliwa kwa wingi na sadfa na wahisani: mtawa anatokea, familia tajiri inaasili, ndugu wanakutana katika uwanja wa ndege. Kama mbinu, sadfa ina kazi yake, na mwandishi ana haki ya kuwapa wahusika wake chozi lenye heri. Lakini wanafunzi wetu hawana uwanja wa ndege. Mwanafunzi anayesoma kwamba kuokolewa ni kuasiliwa na daktari au afisa wa jeshi anaweza kuifunga riwaya akiwa na upweke zaidi. Nimewahi kumsikia mmoja akisema darasani, kwa kicheko, kwamba yeye angemsubiri Apondi wake hadi azeeke. Darasa lilicheka. Nami nilicheka, kabla ya kumtazama vizuri.

Mbinu za uandishi na akili ya mhusika

Maudhui haya hayawezi kutenganishwa na fani. Akili haionekani kwa macho, kwa hiyo mwandishi anayetaka kuionyesha lazima atafute njia. Katika Chozi la Heri njia kuu ni kisengere nyuma. Wahusika huketi mahali penye utulivu, kisha mawazo yanawarudisha walikotoka bila hiari yao. Wengi huitaja mbinu hii na kusema kwamba inatupa habari za awali. Ni kweli, ila inafanya zaidi. Kiwewe chenyewe hufanya kazi kwa namna ya kisengere nyuma: jambo lililopita hujileta upya na kuikatiza siku ya leo. Muundo wa riwaya, basi, unaiga muundo wa akili iliyojeruhiwa. Hoja hiyo moja, ukiieleza kwa mfano wa Ridhaa anapoyatazama magofu ya nyumba yake, hukuvusha kutoka kwenye kutaja mbinu hadi kueleza umuhimu wake.

Njia nyingine ni hadithi ndani ya hadithi. Wasichana wa Tangamano wanasimuliana. Zohali anaeleza alivyopata mimba akiwa Kidato cha Pili na jinsi wazazi wake walivyomgeuka hadi akakimbilia mtaani, ambako Mtawa Pacha alimwokoa. Chandachema anaeleza alivyohamishwa kutoka mkono hadi mkono baada ya kufa kwa nyanyake. Zingatia kwamba hawakuambiwa na mtu wakae katika ofisi ya ushauri na nasaha wazungumze. Walizungumza kwa sababu mmoja alianza. Hata jina la shule, Tangamano, ni la kimajazi. Mtahiniwa anaweza kujadili hapa jinsi kusimulia kunavyokuwa tiba, na akaonyesha kwamba kila msichana akisikia kisa cha mwenzake hupata kipimo kipya cha kisa chake mwenyewe.

Darasani

Nirudi kwako, mwalimu. Tunapoingia na riwaya hizi darasani tunaingia na moto mikononi. Huwezi kusoma kwa sauti kisa cha Sauna na Maya mbele ya watoto hamsini ukadhani kwamba kwa wote ni hadithi. Tangu mwaka ule nimebadilisha mambo machache. Kabla ya sura nzito huwaambia wanafunzi siku moja mapema yatakayokuja, na kwamba anayehitaji kutoka nje anaweza kutoka bila kuomba ruhusa. Simteui tena mwanafunzi mmoja kusoma kipande cha unajisi kwa sauti. Siulizi "nani kati yenu amewahi kupitia hili", swali ambalo niliwahi kuliuliza kwa nia njema na ambalo sasa linanifanya nione haya. Katika insha na majibu ya fasihi, nikikuta nafsi imebadilika, sizungushi duara. Humwita mwanafunzi faraghani, mlango ukiwa wazi, nikamwambia nimesoma ulichoandika, je, ungependa kuzungumza na mtu?

Nikijibiwa, simwahidi siri. Hili walimu vijana hukosea sana kwa huruma. Ukimwambia mtoto hutamwambia mtu yeyote, kisha akakueleza kwamba ananajisiwa, umejifunga kwa ahadi usiyoweza kuitimiza. Mwambie mapema: nitakusikiliza, na kama kuna anayekuumiza nitalazimika kumhusisha mtu wa kutusaidia. Mtu huyo ni mshauri nasaha wa shule, afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au daktari. Laini ya 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo. Ushauri na nasaha umo katika ripoti za elimu za nchi hii tangu ile ya Gachathi ya 1976, lakini katika shule nyingi mshauri ni mwalimu mwenye vipindi vyote vya kawaida na ufunguo wa stoo anayoiita ofisi. Usimtupie mzigo ukaondoka. Mpelekee mtoto, kisha rudi kesho kuuliza.

Nawe mtahiniwa, ikiwa umesoma hadi hapa na umejiona katika mmoja wa wahusika hawa, nambari hiyo ni yako pia, na mwalimu unayemwamini hahitaji uwe na maneno mazuri. Unaweza kumpa hata daftari lililofunguliwa. Katika mtihani, hata hivyo, tumia nafsi ya tatu. Mtahini aliyeketi kwenye meza ya kusahihishia hakujui na hana namna ya kukufikia.

Swali la kujijaribu ni hili. "Kijana huvunjwa na mazingira yake na huungwa na mazingira yake." Thibitisha kauli hii ukirejelea wahusika wanne wa Chozi la Heri (alama 20). Wahusika wawili wawe wale ambao mwongozo wako umewaita waovu. Hoja tano za kuvunjwa na tano za kuungwa zinatosha, kila moja ikiwa na tukio lake na athari ya tukio hilo katika mawazo au matendo ya mhusika. Tumia dakika arobaini tu, kisha mpe mwalimu wako asahihishe.